Msimwachie Ushindi

Kwa miaka minne ya shule ya msingi, mdogo wangu alikuwa mlinzi wa viatu. Kipindi cha michezo kikifika, wenzake walivua viatu, wakavipanga pembeni mwa uwanja na kukimbilia mpira, yeye akabaki ameketi navyo. Hakuna aliyemtukana wala kumsukuma. Mwalimu alimpa kazi ile kwa nia njema kabisa, ili asiumie na asijione hana nafasi. Naye aliifanya kwa moyo. Ukimwonyesha kiatu kimoja tu alikutajia mwenyewe, na kengele ikilia alimpelekea kila mtu cha kwake mkononi. Nyumbani tulilisimulia jambo hilo kwa fahari. Tuliliona ni akili ya ajabu kwa mtoto ambaye tuliambiwa hataweza kujifunza mengi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa siku nilipokwenda kumchukua mapema, nikamkuta pale pembeni ameketi, lakini miguu inakimbia. Mikono ameikaza magotini, macho hayabanduki kwenye mpira, na visigino vinapiga ardhi kwa kasi ileile ya waliokuwa uwanjani. Mpira ukienda kushoto, naye analalia kushoto. Ukipigwa shuti, mwili wote unaruka kidogo, kisha anarudi kukaa na kuvitazama viatu kama vipo vyote. Nilisimama nyuma yake muda mrefu bila kumwita. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuisimulia habari ya viatu.

Mdogo wangu ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoambatana na ulemavu wa akili. Sasa ni mtu mzima, anakimbia mita 100 na anacheza mpira wa miguu, nami ni mmoja wa makocha wa kujitolea katika klabu yake. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata uwanjani, mengine nimeyasoma kwa sababu ya uwanja. Na yote yananirudisha kwenye jambo moja lililonichukua miaka kulielewa: wema wetu, ule wa kumkinga na ule wa kumwachia, ulimfungia mlango kwa muda mrefu kuliko ulemavu wake.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja, maana naulizwa kila mara. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ni hali inayoanza utotoni, ya mtu kupata ugumu wa kujifunza, wa kufikiri mambo yenye hatua nyingi, na wa kumudu shughuli za kila siku bila msaada. Kuna anayehitaji msaada mdogo tu, na kuna anayehitaji kulishwa na kuvishwa. Sababu ni nyingi na mara nyingine haijulikani kabisa. Hakuna dawa ya kuiondoa, wala mtu haambukizwi.

Tena, kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mwili wa mtu mwenye hali hii ni dhaifu kwa asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtafiti wa Kanada aitwaye Frank Hayden alifanya kazi na watoto wa namna hii mjini Toronto. Kwamba walikuwa dhaifu kuliko wenzao lilikuwa jambo la wazi, kila mtu aliliona. Alichoonyesha Hayden ni chanzo chake: miili ile ilikuwa haijatumika. Watoto walikuwa wamekalishwa tu. Walipopewa mazoezi ya maana, miili yao ilijenga nguvu na pumzi kama miili mingine. Niliposoma hayo nilimkumbuka mdogo wangu na vile viatu, nikahesabu: vipindi viwili kila wiki, miaka minne.

Katika miaka hiyohiyo, kule Marekani, Eunice Kennedy Shriver alifungua nyumba yake huko Maryland mwaka 1962 iwe kambi ya mchana, watoto wenye ulemavu wa akili waje kuogelea, kukimbia na kucheza mpira. Alikuwa na dada mwenye ulemavu wa akili, Rosemary. Mwaka 1941 Rosemary alifanyiwa upasuaji wa ubongo uliomharibu zaidi, akaishi miongo iliyobaki ya maisha yake chini ya uangalizi, mbali na familia kwa miaka mingi. Mimi habari hiyo naisoma kama dada, wala siwezi kuisoma vinginevyo.

Kutokana na kambi ile, na kutokana na wazo la mwalimu kijana wa michezo wa Chicago, Anne Burke, aliyetaka jiji lake liandae mashindano, yakazaliwa yale ya tarehe 20 Julai 1968 katika uwanja wa Soldier Field. Wanariadha wapatao 1,000 kutoka Marekani na Kanada walishindana. Huo ndio mwanzo wa Special Olympics, shirika la michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, ambalo leo liko karibu kila pembe ya dunia. Kiapo chao kinasema: “Nishinde. Lakini nisiposhinda, niwe jasiri katika kujaribu.” Nimeona watu wakikinukuu ile nusu ya pili peke yake, kwa sauti ya upole, kama maneno ya kumfariji mtu aliyeshindwa. Mimi naomba tusiiruke ile ya kwanza. Kiapo kinaanza na mtu anayetaka kushinda.

Sisi nyumbani tuliiruka. Baada ya siku ile ya viatu nilianza kukimbia naye jioni, na punde ndugu na majirani wakajiunga. Tulipanga mstari, tukahesabu moja, mbili, tatu, naye akashinda. Akashinda kesho yake. Akashinda mwezi mzima. Sote tulikuwa tukipunguza mwendo, tukipiga makofi kabla hajafika, watu wazima tumefurahi kwa wema tunaoutenda. Nilichokuwa sikioni ni kwamba kila akifika aligeuka kutazama nyuma, akatukuta tunatembea. Jioni moja alikataa kusimama kwenye mstari. Nikamuuliza, mdogo wangu, umechoka? Akasema, “Nyie hamkimbii, dada.”

Nilikuwa nimemchukulia kuwa hatambui. Alitambua siku zote. Alikuwa anasubiri tu mtu mmoja wetu amheshimu kiasi cha kukimbia.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta klabu. Nilipoipata, kocha mkuu hakuniuliza maswali mengi. Alimtazama akikimbia, akabonyeza saa, akaandika kwenye daftari: sekunde 24.6. Kisha akamwambia, “Wiki ijayo tunataka ishuke.” Hakumpigia makofi. Mdogo wangu alirudi nyumbani anarudia neno hilo njia nzima: ishuke, ishuke.

Watu wasioujua mchezo huu hudhani kwamba katika mashindano ya watu wenye ulemavu wa akili kila mtu anashinda. Nataka nieleze jinsi mambo yanavyokwenda, kwa kuwa ndipo penye haki yenyewe. Kabla ya fainali kuna mbio za kupima. Kila mwanariadha anakimbia, muda wake unaandikwa, halafu waandaaji wanawapanga kwa jinsia, kwa umri na kwa uwezo. Kundi moja la fainali linakuwa na watu watatu hadi wanane, na mwongozo unataka tofauti ya uwezo kati ya wa mbele na wa nyuma katika kundi isizidi kama asilimia 15, pale inapowezekana. Kwa hiyo anayekimbia mita 100 kwa sekunde 13 anapambana na wa sekunde 13 na 14, na anayezimaliza kwa sekunde 40 ana wapinzani wake. Kila mmoja anakuta mtu ubavuni mwake ambaye anaweza kumshinda na anaweza kushindwa naye. Kuna kanuni pia ya kujituma kwa dhati: ukizembea makusudi kwenye mbio za kupima ili uwekwe kundi rahisi, unaweza kuondolewa. Watatu wa kwanza wanapewa medali, wa nne hadi wa nane wanapewa utepe.

Mashindano yake ya kwanza makubwa, mdogo wangu alipima sekunde 21.3. Wakamweka na wenzake wanne, wa haraka zaidi akiwa na 19.9. Mimi nilikuwa nimekaa na wazazi kwa kuwa siku ya mashindano makocha ndio waliokuwa uwanjani, na nakumbuka nilikuwa nimeshika viatu vyake vya kawaida mapajani. Filimbi ilipolia alichelewa kuondoka. Katikati akawafikia wawili. Mita kumi za mwisho nikamwona akikaza shingo na kufumba macho, kitu ambacho tumemkataza mara mia. Alimaliza wa nne kwa sekunde 20.8. Ulikuwa muda wake bora kuliko wowote wa maisha yake, na alikosa medali kwa kitu kama upana wa kiganja.

Alilia. Nami nikataka kufanya lile nililozoea, nimwambie ameshinda, kwamba kwetu yeye ni wa kwanza. Kocha akanitangulia. Alichuchumaa mbele yake, akasubiri kilio kipungue, akamwambia, “Ulifumba macho.” Mdogo wangu akatikisa kichwa kukubali. “Jumanne tutafanya macho.” Akatikisa tena. Halafu wakaenda kupokea utepe.

Jumanne aliamka kabla yangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijifunza ukocha, na kila ninachojifunza kinaniondolea ile huruma ya zamani na kuweka kitu cha manufaa mahali pake. Mtoto mpya akija, huwa anapunguza mwendo akikaribia mstari wa kumalizia, kwa sababu tumemwambia “kimbia mpaka kwenye mstari,” naye anatii: anakimbia mpaka kwenye mstari, anasimama juu yake. Kosa ni la maneno yetu. Dawa yake ni kumweka mtu hatua kumi mbele ya mstari, amenyoosha mikono, na kumwambia mtoto, “Mfikie yule.” Anaupita mstari kwa kasi yote bila hata kuufikiria.

Vivyo hivyo kwa mengine. Tunatoa agizo moja kwa wakati mmoja. Tunaonyesha kwa mwili kuliko kusema. Tukishasema tunanyamaza na kuhesabu moyoni mpaka tano au zaidi, maana wengi wanahitaji muda wa kulipokea neno kabla ya kulifanya, na sisi kwa haraka yetu hurudia agizo kwa maneno mengine, na kwake hilo linakuwa agizo la pili. Mazoezi yana mpangilio uleule kila siku, na kupasha misuli kunaanzia mahali palepale. Kuna kijana wetu mwenye usonji ambaye mlio wa filimbi ulikuwa ukimtoa uwanjani mbio; sasa anaanzishwa kwa bendera, na wenzake wakazoea bendera. Ilituchukua dakika chache kubadilisha hilo. Yeye alikuwa amekosa michezo miaka yote kabla ya hapo.

Msichana mmoja wetu alikuwa hawezi kudaka mpira. Tuliandika kwamba mikono yake ni mizito. Tulimpa mazoezi ya mikono kwa karibu msimu mzima, mpira ukawa unamgonga kifuani kisha ndipo mikono inakuja. Siku madaktari wa kujitolea walipokuja kuwapima wanariadha macho, masikio na meno, ilionekana kwamba haoni vizuri kitu kilicho mbali kidogo ya mkono wake. Alikuwa hajawahi kupimwa macho. Kila alichoshindwa maishani kilikuwa kimewekwa kwenye kapu moja la ulemavu wa akili, mimi nikiwa mmoja wa waliokiweka. Siku ya kwanza na miwani alisimama katikati ya uwanja anatazama miti. Mpira wa kwanza aliudaka. Special Olympics ilianzisha upimaji wa namna hii mwaka 1997 baada ya kuona wanariadha wengi wakiishi na matatizo ya macho, meno na miguu ambayo hakuna aliyeyashughulikia. Mzazi, kama mwanao hajapimwa macho na masikio, anza na hilo kabla ya kuamua nini hawezi.

Na kwa wenye watoto wa sindromu ya Down kuna jambo la shingo. Baadhi yao wana ulegevu kati ya pingili mbili za juu kabisa za shingo, zile zinazobeba kichwa. Wengi hawapati shida yoyote, lakini mwenye ulegevu huo anaweza kuumia vibaya kwa kupiga mpira kichwa, kupiga mbizi au kufanya sarakasi za kujibinua. Kwa hiyo amwone daktari kabla ya kuanza michezo hiyo. Baada ya hapo endeleeni kuangalia: maumivu ya shingo, kichwa kuinama upande, mwendo kubadilika, mikono au miguu kulegea, kushindwa kuzuia haja. Ukiona mojawapo, mchezo unasimama na daktari anaonwa siku hiyohiyo. Nalisema kwa urefu kwa sababu nimekutana na familia mbili za namna mbili: moja ilisikia habari hii ikamzuia mtoto kila kitu, hata kutembea haraka, nyingine haikuwahi kuambiwa. Mtoto anayekimbia, anayecheza mpira chini, anayerusha tufe, kwa kawaida hana sababu ya kukalishwa benchi kwa ajili hiyo akishaangaliwa.

Mpira wa miguu anaocheza mdogo wangu ni ule wa timu za pamoja, wenye ulemavu wa akili na wasio nao katika jezi moja. Kwa timu ya watu kumi na moja, sita ni wanariadha wenye ulemavu na watano ni wenzi wasio nao. Ni mchezo mzuri sana ukichezwa vizuri, na unaharibika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mwenzi anayekokota mpira peke yake akifunga mabao matano. Huyo kila kocha anamwona na kumtoa. Njia ya pili ni ngumu kuiona. Ni yule anayefika langoni, goli liko wazi, kisha anasimama na kumpasia mwenye ulemavu aliyezungukwa na mabeki watatu, ili jukwaa lishangilie. Huyo naye simwachi uwanjani. Nimemwambia kijana mmoja, mwanafunzi mwenye moyo mzuri kabisa: “Mwenzako angekuwa mchezaji wa kawaida, ungempa pasi hiyo?” Akafikiri, akasema hapana. “Basi mpe akiwa amejipanga. Na asipojipanga, mgombeze.” Wiki chache baadaye niliwasikia wakigombana kwa sauti kubwa juu ya nani alipaswa kurudi kukaba, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa akigomba zaidi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Kuna habari moja katika historia ya michezo hii ambayo bado inaniumiza. Kwenye Paralimpiki, michezo mikubwa ya dunia ya watu wenye ulemavu, ya Sydney mwaka 2000, timu ya Uhispania ya mpira wa kikapu ya watu wenye ulemavu wa akili ilichukua dhahabu. Baadaye ikabainika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu wowote wa akili. Mmoja wa walioivujisha siri alikuwa mwandishi wa habari aliyekuwa ndani ya timu ile. Medali zilirudishwa. Lakini adhabu haikuishia kwa waliodanganya. Wanariadha wote wenye ulemavu wa akili duniani waliondolewa kwenye Paralimpiki, wakakosa Athens 2004, wakakosa Beijing 2008, mpaka ulipokubaliwa utaratibu mpya wa kuwathibitisha mwaka 2009 na wakarejea London 2012. Hebu fikiria mkimbiaji aliyekuwa na miaka ishirini mwaka ule wa Sydney. Aliporuhusiwa tena alikuwa na thelathini na mbili. Hata waliporejea, walirejea katika michezo mitatu tu: riadha, kuogelea na tenisi ya meza. Watu wazima wenye akili timamu walitenda kosa, na bili wakapelekewa wale ambao ulinzi wao ndio uliokuwa umekusudiwa.

Naelewa ugumu wa kuthibitisha ulemavu usioonekana kwa macho. Bado naamini mlango ungeweza kurekebishwa bila kufungwa miaka kumi na miwili.

Wakati mwingine watu hunitumia habari za Chris Nikic, kijana wa Marekani mwenye sindromu ya Down ambaye Novemba 2020, huko Florida, alimaliza mashindano ya Ironman, wa kwanza mwenye hali hiyo kufanya hivyo: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni kamili. Muda wa mwisho ni saa 17. Alitumia saa 16 na dakika 46. Aliumwa na siafu, akaanguka na baiskeli, akaendelea. Namheshimu sana. Ila anayenitumia habari hiyo mara nyingi anaongeza, “Umeona, wanaweza chochote,” na hapo ndipo ninapojibu kwa urefu usioombwa. Nikic alikuwa na baba aliyempangia mazoezi ya kuongeza asilimia moja kila siku, na mwongozaji aliyefunzwa aliyekuwa naye njia nzima. Alikuwa na watu. Msichana wa miwani naye hakukosa uwezo. Alikosa mtu wa kumpima. Na yupo mwanachama wetu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu, asiyesema, ambaye mchezo wake ni kusukuma mpira mkubwa kwa mkono mmoja kutoka mezani. Mwaka jana mpira ulikuwa hauondoki. Sasa unaondoka na unaanguka, na yeye anausikiliza ukianguka. Naye anastahili kocha anayeandika kwenye daftari.

Watu wengi wakitaka kutusaidia huja siku ya mashindano, na wanakaribishwa. Makelele yao yanawafurahisha wanariadha. Upungufu wetu uko Jumanne. Tuna saa mbili za kupimia muda na mara nyingi mtu mmoja wa kuzishika. Tunahitaji wa kusimama hatua kumi mbele ya mstari. Tunahitaji anayeweza kumfuata mwanariadha kwao na kumrudisha, kwa sababu wengi wao hawawezi kusafiri peke yao na mzazi yuko kazini, na huo usafiri ndio unaotupotezea wanachama kuliko kitu kingine chochote. Tunahitaji walimu wa shule za kawaida wanaokubali kipindi kimoja cha michezo kwa wiki wacheze wote. Si lazima ujue lolote kuhusu ulemavu ili uanze. Utafundishwa mchana mmoja, na yaliyobaki utafundishwa na wanariadha.

Jumanne iliyopita mdogo wangu alikimbia mara tatu. Ya tatu alikuwa amechoka, nikamwambia inatosha, akakataa. Nilimshikia saa. Alipita mstari, akamfikia aliyesimama mbele, akarudi kwangu anahema, hajui kusoma desimali vizuri lakini anajua wapi pa kuangalia, akashika kifundo cha mkono wangu akakigeuza ili aione saa mwenyewe.

“Imeshuka, dada?”

Ilikuwa imepanda kwa nusu sekunde. Nikamwambia imepanda. Akanitazama, akaifuta mikono kwenye bukta, akarudi kwenye mstari.